Jinsi ScummVM ilivyoiokoa Monkey Island 2, na jinsi ilivyoniokoa mimi

Leo naomba tuweke kando mambo ya simu mpya na lugha mpya za programu. Nataka kuwasimulia historia ya programu moja ninayoipenda sana, inaitwa ScummVM. Wengi wenu huenda hamjawahi kuisikia. Msijali. Mkifika mwisho mtaelewa kwa nini programu iliyoandikwa ili watu wacheze michezo ya zamani ilinisaidia mimi, mtu wa kuandika programu za ofisi, kumaliza kazi iliyokuwa imenishinda kwa wiki tatu.

Tuanze mbali kidogo.

Maniac Mansion, 1987

Katikati ya miaka ya 1980, Ron Gilbert na Gary Winnick walikuwa wafanyakazi wa Lucasfilm Games huko Marekani, kampuni ya George Lucas yule wa Star Wars. Walikuwa wanatengeneza mchezo uitwao Maniac Mansion kwa ajili ya kompyuta ya Commodore 64. Hiyo 64 ni ukubwa wa kumbukumbu yake: kilobaiti 64. Picha moja unayotumiwa leo kwa WhatsApp inaweza kuzidi hapo!

Maniac Mansion ni mchezo wa visa. Hakuna kukimbia na bunduki. Unatembeza mhusika nyumbani mwa watu, unaokota vitu, unafungua milango, unafumbua mafumbo. Na mchezaji huchagua mwenyewe vijana wawili wa kuandamana na Dave, kwa hiyo kila kundi linaweza kupita njia yake na kufika mwisho tofauti.

Gilbert alianza kuuandika kwa asembli, lugha iliyo karibu kabisa na mashine. Waliowahi kusoma asembli chuoni wanajua mateso yake. Hebu fikiria kuandika kwa asembli kwamba "mlango huu ukifunguliwa na yule kijana yuko jikoni, basi afanye hivi," mara mia kadhaa. Haiendi. Mwenzake Chip Morningstar akamsaidia kuanzisha lugha ndogo ya kuelezea mchezo kwa maneno yanayosomeka. Ikapewa jina SCUMM, kifupi cha maneno yanayomaanisha chombo cha kuundia skripti za Maniac Mansion. Baadaye Aric Wilmunder akaibeba kazi hiyo kwa miaka mingi, akaiendeleza na kuipeleka kwenye mashine nyingine.

Sasa shikeni jambo hili, maana hadithi yote inasimama hapa. Lugha ya SCUMM haikugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Iligeuzwa kuwa baiti za amri ambazo hakuna kompyuta yoyote duniani inazielewa moja kwa moja. Kulikuwa na programu nyingine kando, mkalimani, iliyosoma amri hizo moja moja na kuzitekeleza. Wenyewe walimwita mkalimani huyo SPUTM. (Ndiyo, majina yao yote yalikuwa ya utani wa makamasi na mate. Vijana ni vijana.)

Faida yake? Ukitaka mchezo uende kwenye mashine mpya, huandiki mchezo upya. Unaandika mkalimani mpya tu. Skripti, picha na maneno ya wahusika ni vile vile. Ndivyo michezo hii ilivyotoka Commodore 64 na Apple II ikafika kwenye PC, Amiga na Atari ST.

Miaka ya utamu

Kwa miaka kumi hivi SCUMM ilizaa michezo ambayo mashabiki bado wanaitaja kama watu wanavyotaja timu za zamani za mpira. Zak McKracken mwaka 1988. Loom na The Secret of Monkey Island mwaka 1990. Monkey Island 2: LeChuck's Revenge mwaka 1991. Indiana Jones and the Fate of Atlantis mwaka 1992. Day of the Tentacle na Sam & Max mwaka 1993. Full Throttle na The Dig mwaka 1995. The Curse of Monkey Island mwaka 1997 ndiyo iliyofunga ukurasa. Mwaka 1998 kampuni, ambayo wakati huo iliitwa LucasArts, ilitoa Grim Fandango kwa injini mpya kabisa, na SCUMM ikawekwa kabatini.

Monkey Island 2 ndiyo inayotuhusu leo. Ni hadithi ya Guybrush Threepwood, kijana asiye na bahati anayejiita haramia wa baharini, na adui yake LeChuck ambaye hata kufa hakumzuii. Ron Gilbert aliiandika pamoja na Tim Schafer na Dave Grossman. Ndiyo iliyotumia kwanza iMUSE, mfumo wa Michael Land na Peter McConnell unaobadilisha muziki kulingana na unachofanya mchezoni, bila kukatika. Ukitoka chumba kimoja kuingia kingine, wimbo unageuka taratibu kana kwamba kuna bendi imekaa pembeni inakutazama.

Ugonjwa wenyewe

Michezo hii kwenye PC iliandikwa kwa DOS. Programu ya DOS ilizoea kuwa peke yake nyumbani: ilizungumza moja kwa moja na kadi ya sauti, ikaandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini, na hakuna aliyeiuliza kitu. Windows 95 na 98 bado zilikuwa na DOS chini yake, kwa hiyo mambo yalikuwa yanaenda kwa kusuasua.

Oktoba 2001 Microsoft ikatoa Windows XP. Hii ilijengwa juu ya msingi mwingine, ule wa Windows NT, ambao hauruhusu programu kugusa vifaa ovyo. Kwa usalama wa kompyuta ni jambo zuri. Kwa mtu mwenye diski ya Monkey Island 2 ni msiba. Mchezo unafunguka bila sauti, au haufunguki kabisa. Diski ni nzima, faili ni nzima, na hakuna anayeweza kuzisoma. Aliyekufa ni mkalimani.

Na wakati huo biashara ya michezo ya visa ilikuwa imeshuka.

Mwanafunzi wa Uswidi

Mwezi huo huo, Oktoba 2001, kijana wa Uswidi aitwaye Ludvig Strigeus, mwanafunzi wa chuo, alitoa toleo la kwanza la ScummVM. Mchezo alioanza nao ni Monkey Island 2. Vincent Hamm akaungana naye mapema, na mradi ukawa wa wengi.

Alichofanya Strigeus ni kuifumua programu ya zamani ya DOS, kusoma amri zake za asembli na kuuliza: ikikuta baiti hii, inafanya nini? Kisha akaandika mkalimani wake mwenyewe, kutoka mwanzo, anayefanya vile vile. Ile programu ya zamani huihitaji tena. Unachukua faili za data kutoka kwenye diski yako, unampa mkalimani mpya, mchezo unaanza.

Watu wengi huchanganya hili na emuleta. DOSBox, iliyotoka mwaka 2002, ni emuleta: inaigiza kompyuta nzima ya zamani ili programu ya zamani idhani iko nyumbani. Hiyo ni kazi nzito kwa prosesa. ScummVM haiigizi kompyuta yoyote. Ndiyo maana iliweza kukimbia kwenye vifaa dhaifu vya miaka ile kama Palm, Dreamcast na Nintendo DS.

Ndani ya faili

Mwaka juzi nilichukua nakala yangu ya Monkey Island 2 nikaamua kuichungulia mwenyewe. Kuna faili mbili: moja ni faharasa, nyingine ni data yenyewe. Nilipofungua ile kubwa kwa kihariri cha heksadesimali, nilikuta takataka tupu. Lakini kitu kimoja kilinishangaza: herufi "i" ilikuwa imejaa kila mahali.

Kwa nini "i"? Kwa sababu kila baiti imefichwa kwa operesheni ya XOR na namba 69 ya heksadesimali. Sifuri ukiifanyia hivyo unapata 69, na 69 kwenye jedwali la ASCII ni herufi "i". Faili za data huwa na sifuri nyingi, basi kila palipokuwa na sifuri pakawa na "i". Mwanzo wa faili unasomeka "%,*/". Ukizirudisha herufi hizo nne unapata "LECF", ambalo ni jina la kasha la kwanza.

Data yote imepangwa kwa makasha ya namna hiyo: herufi nne za jina, baiti nne za ukubwa, kisha vilivyomo, ambavyo mara nyingi ni makasha mengine. ROOM ni chumba, SCRP ni skripti, SOUN ni sauti, COST ni mhusika na mavazi yake yote ya kutembea na kuzungumza.

Na ndani ya skripti kuna nini? Chukua mfano wa baiti hizi tano: 1A 05 00 0A 00. Ya kwanza, 1A, ni amri ya kuweka thamani. Mbili zinazofuata zinataja kigeu namba 5, na mbili za mwisho ni thamani, yaani 10. Kwa hiyo: weka 10 ndani ya kigeu namba 5. Ukibadilisha 1A kuwa 9A, biti ya juu imewashwa, na maana yake inageuka: usichukue 10 kama namba, nenda kwenye kigeu namba 10 uchukue kilichomo. Biti moja tu!

Tahadhari kwa atakayejaribu: ukubwa wa makasha umeandikwa kwa kuanza na baiti kubwa, lakini namba ndani ya skripti zinaanza na baiti ndogo. Mimi nilipoteza Jumamosi nzima hapo.

Amri nyingine ninayoipenda ni 80, inayomaanisha "pumzika hapa hadi zamu ijayo." Mchezo una skripti nyingi zinazokwenda pamoja: moja inamtembeza Guybrush, nyingine inapepesa mshumaa, nyingine inangoja ubofye mlango. Hakuna inayokatizwa kwa nguvu. Kila moja inafanya kidogo, inasema "nimepumzika," inampisha mwenzake. Leo tunaita mambo haya kwa majina makubwa katika lugha mpya, lakini wenzetu walikuwa wanayafanya kwenye mashine ya kilobaiti 64.

Ugumu usioonekana

Msidhani kazi iliishia kujua amri. Kuanzia Day of the Tentacle mfumo wa amri ulibadilishwa, ukawa wa kurundika thamani juu ya nyingine na kuzichukua kutoka juu. Ni kama lugha nyingine kabisa.

Halafu kuna hitilafu za asili. Skripti za zamani zina makosa ambayo mkalimani wa zamani aliyavumilia bila mtu kujua. Mkalimani mpya akiwa msafi kupita kiasi, mchezo unakwama. Kwa hiyo msimbo wa ScummVM umejaa sehemu zinazosema: kama huu ni mchezo fulani, na tuko chumba fulani, na skripti namba fulani, basi fanya hivi kinyume na kanuni. Hakuna njia ya kuzijua ila kucheza mchezo wote, kila njia, hadi mwisho. Walioifanya kazi hiyo wengi ni watu wa kawaida waliokuwa wakicheza na kuripoti.

Programu huria na uaminifu

ScummVM ni programu huria chini ya leseni ya GPL. Msimbo wake ni wa kila mtu, lakini ukiutumia na kuusambaza ni lazima uheshimu masharti: taja waandishi, toa msimbo. Na haiji na michezo ya kampuni ndani yake. Ni mkalimani tu. Mchezo unaleta mwenyewe.

Uaminifu huo ulilipa. Kampuni ya Revolution Software ya Uingereza iliwapa msimbo asilia wa Beneath a Steel Sky, mchezo wao wa mwaka 1994, na mwaka 2003 ikauachia mchezo wenyewe bure. Hadi leo unaweza kuupakua kihalali na kuucheza. Kama unataka kuonja bila kulipa, anzia hapo.

Kulikuwa na machungu pia. Mwaka 2008 ilitoka michezo ya watoto ya Humongous Entertainment kwa ajili ya Wii, na mashabiki wakagundua kwamba ndani yake kulikuwa na ScummVM, bila waandishi kutajwa na bila masharti ya GPL kufuatwa. Mwaka 2009 jambo hilo likaisha kwa maelewano. Cha kuchekesha ni kwamba Ron Gilbert ndiye mmoja wa waanzilishi wa Humongous, mwaka 1992, na michezo yake ilitumia SCUMM ile ile. Mambo yalizunguka yakarudi nyumbani, ila kwa mlango wa nyuma.

Strigeus mwenyewe alisonga mbele. Mwaka 2004 alitoa OpenTTD, akifufua mchezo mwingine wa zamani kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 2005 akatoa µTorrent, ambayo wengi wenu mmeitumia (sitauliza kwa kazi gani). Kisha akawa miongoni mwa waandishi wa mwanzo wa Spotify. Mradi wake haukufa alipoondoka. Mwaka 2009 mradi mwingine uitwao FreeSCI, uliokuwa ukifufua michezo ya Sierra, ulijiunga. Mwaka 2021, ilipotimiza miaka 20, ScummVM ilitoa toleo la 2.5.0 ambalo linaendesha hata Grim Fandango, ule mchezo uliokuja baada ya SCUMM.

Na kampuni yenyewe? Disney iliinunua Lucasfilm mwaka 2012, na Aprili 2013 ikafunga kazi ya kutengeneza michezo ndani ya LucasArts. Kazi hiyo ilifungwa, mkalimani wa wanafunzi akabaki. Leo duka la GOG huuza baadhi ya michezo hiyo ikiwa na ScummVM ndani yake, safari hii kwa utaratibu unaofaa.

Sasa yangu

Nilisema nitawaeleza ilivyonisaidia. Mwaka jana sacco moja ya wakulima, sitaitaja, iliniita. Kumbukumbu zao za hisa za miaka ya 1990 zilikuwa ndani ya programu ya DOS. Mzee aliyeiandika alishafariki, na msimbo wake haupo. Kompyuta iliyokuwa ikiiendesha iliungua. Zilibaki faili kwenye flopi, ambazo kwa bahati mtu alikuwa amezinakili. Kulikuwa na familia zilizokuwa zikidai hisa za wazazi wao, na karani alikuwa akiwajibu kwamba "kompyuta imekufa."

Wiki tatu nilihangaika kuifufua ile programu. Mara inadai printa, mara inadai nywila ambayo aliijua marehemu pekee. Usiku mmoja nikiwa nacheza Monkey Island 2 kwenye simu ili kupoza kichwa, ndipo nikajiuliza: kwa nini nang'ang'ana na mkalimani aliyekufa? Si data ndiyo ninayoitaka?

Nikafungua faili zenyewe. Rekodi zote zilikuwa na urefu sawa. Majina yalianza na baiti ya kuhesabu herufi, na hiyo ni alama ya Turbo Pascal. Lakini pesa hazikusomeka. Nilijaribu kila aina ya namba ninayoijua nikapata upuuzi. Mwishowe nikakumbuka kwamba Turbo Pascal ilikuwa na namba yake ya desimali ya baiti 6, ambayo leo hakuna prosesa inayoitumia. Nikaandika mistari kama ishirini ya Python kuitafsiri. Karani akaleta risiti za karatasi za wanachama kumi, tukalinganisha. Tisa zikalingana hadi senti.

Ya kumi haikulingana. Rekodi hiyo na nyingine chache zilikaa kwenye sehemu ya flopi iliyoharibika, na hapo hakuna ujanja. Baiti zikishapotea, hata Strigeus hawezi kukusaidia. Mwenye risiti hiyo alilipwa kwa kutumia karatasi yake. Wale wengine wasio na risiti bado kesi zao ziko mezani kwa kamati.

Kwa hiyo ombi langu kwenu mnaoandika programu za chama, za shule, za zahanati: siku moja hamtakuwepo, na kompyuta hiyo haitakuwepo. Tengeni data na programu, kama Gilbert alivyofanya mwaka 1987. Andikeni ukurasa mmoja tu unaoeleza faili zenu zimepangwaje, uchapishwe na uwekwe kwenye faili la ofisi. Na nakala ziwe zaidi ya moja.

Nisiwachoshe zaidi. Kama una flopi za zamani kabatini, zinakili wikendi hii, usingoje. Na ukikwama kwenye fumbo la Monkey Island 2, usikimbilie jibu haraka. Lala nalo kwanza. Tukutane tena.